Daftari la wifi: wiki moja ya mama wa watoto watatu kati ya Mbezi na Kariakoo

Wifi yangu hakuja kwangu kuomba ushauri. Alikuja kuazima pasi, ya kwake waya umeungua, akakaa kwenye kochi "dakika mbili tu, wifi," mtoto kamlaza mapajani, akapitiwa na usingizi. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Nilimtoa mtoto taratibu nikamwacha alale. Alipoamka jua linazama alijishika kichwa akaanza kulia. Alichokuwa analilia ni sare za watoto: zilikuwa bado kwenye beseni kule kwake, na kesho yake basi la shule linapita saa 11:40 alfajiri.

Ni mke wa kaka yangu, ana miaka 36. Mtoto wa kwanza, wa kiume, yuko darasa la tano; wa pili, wa kike, darasa la kwanza; kichanga siku ile kilikuwa ndiyo kwanza kimetimiza miezi sita. Yeye ni karani wa hesabu kwenye kampuni moja Kariakoo. Wanaishi Mbezi, ndani kidogo, pale ambapo ukishuka Barabara ya Morogoro unachukua bodaboda au unatembea dakika ishirini ukikwepa madimbwi. Kaka ni fundi wa majenereta. Nyumbani yupo pia dada wa kazi, binti wa miaka 19.

Nikiri mapema kwamba mimi si mtu wa pembeni hapa. Ninayemchambua ni wifi, na anayebeba nusu ya lawama ni kaka, mtoto wa tumbo moja na mimi. Wote wawili wamesoma andiko hili kabla yako. Wifi alifuta sentensi mbili. Kaka hakufuta kitu, alinuna kidogo tu.

Ushauri alikuwa ameshapewa mwingi, kazini, kanisani, na kwa mama yetu. Wa kwanza ni ule ule wa siku zote: amka mapema. Nilicheka kwa uchungu nilipojua kwamba huyu anayeambiwa aamke saa kumi anaamka saa tisa na nusu. Wa pili ni wa kupanga ratiba. Ratiba alikuwa nayo, tena nzuri, kaichora kwa kalamu za rangi na kuibandika kwenye mlango wa friji: Jumatatu wali maharage, Jumanne ugali na dagaa, Jumatano ndizi, na kuendelea. Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi umeme ulikatika asubuhi ukarudi usiku, samaki wa Alhamisi wakaharibika, wakala ugali na mchicha siku mbili mfululizo, na kuanzia hapo karatasi ile ikawa pambo.

Mimi nilimwomba kitu kimoja: kwa siku saba aandike anachokifanya, si anachopaswa kukifanya. Akaniangalia. "Wifi, na wewe unaniongezea kazi." Alikuwa na haki. Tukakubaliana anitumie sauti fupi fupi kwenye simu, mimi ndiyo niandike. Ninalo daftari hilo hapa mezani. Sauti zilifika 63. Nyingine ni sekunde nne: kelele za watu ndani ya basi la mwendokasi, halafu yeye, "nimepata ya kusimama."

Wiki ina masaa 168. (Walimu wa Kiswahili wanisamehe hayo "masaa", nikiandika kwamba amefua kwa saa mbili utadhani nasema asubuhi.) Hivi ndivyo yalivyokwenda. Kazini masaa 50 ukihesabu na mapumziko ya mchana: saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni siku tano, na Jumamosi hadi saa saba. Njiani masaa 21 na dakika kumi, kwa sababu asubuhi anatumia saa moja na dakika arobaini kufika Gerezani, kituo cha mwendokasi cha Kariakoo, na jioni, foleni ya kupanda pale kituoni ikishamkamata, masaa mawili kamili. Usingizi masaa 35, yaani matano kwa usiku, tena yenye matobo. Kazi za nyumbani na watoto masaa 41. Yaliyobaki, 21, ndiyo ya kuoga, kula, ibada, kikoba, msiba na kusuka nywele.

Hayo 41 ukiyagawa ni karibu masaa sita kila siku, baada ya kazi ya mshahara. Wifi alidhani ni yeye tu mzembe. Nilimsomea takwimu mbili ninazoziamini. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2018 ilisema mwanamke, kwa wastani wa dunia, anatumia masaa manne na dakika 25 kwa siku kwenye kazi za malezi na nyumba zisizolipwa, mwanaume saa moja na dakika 23. Na hapa jirani, utafiti wa Kenya wa matumizi ya muda wa mwaka 2021 ulikuta wanawake wanatumia asilimia 18.7 ya siku yao kwenye kazi hizo, wanaume asilimia 3.6. Piga hesabu: masaa manne na nusu dhidi ya dakika zisizofika sitini. Wifi alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo mimi nimewapita hata wa dunia." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Usiku wa maji

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye daftari sikukitegemea. Jumanne, saa 8:05 usiku: "nimeamka kufungua bomba." Alhamisi, saa 8:20 usiku: hivyo hivyo. Jumamosi pia. Mtaani kwao maji yanakuja kwa mgao, na kwao zamu ni usiku. Yeye ndiye anayesikia bomba linapoanza kukohoa. Anaamka, anajaza ndoo na madumu na pipa, dakika arobaini, hamsini, anarudi kitandani mtoto naye ameamka kutaka kunyonya, na saa tisa na nusu simu inalia. Kwenye usiku wa namna hiyo alikuwa analala masaa mawili na nusu, kisha dakika chache.

Nilimuuliza kaka kama anajua mkewe anaamka usiku wa maji. Alisema anajua. Nikamuuliza kwa nini haamki yeye. Akafikiri kweli kweli, sikumwona akitafuta kisingizio, akasema, "Mimi huwa sisikii."

Sasa hapa ndipo vitabu vya kupanga muda vinapoishiwa, kwa sababu havijui mgao wa maji. Dawa yake ilikuwa tenki la plastiki la lita 1,000 na boya. Boya ni kile kidude cha kuelea kinachofunga maji tenki likijaa; maji yakija yanaingia yenyewe, likijaa yanakata yenyewe, hakuna anayeamka. Tenki waliweka chini, juu ya msingi mfupi wa matofali, maana maji ya usiku hayana presha ya kupanda mnarani. Fedha zilitoka kwenye mkopo wa kikoba. Kaka alitaka kwanza wamalizie uzio. Nilimwambia uzio haujawahi kumwamsha mtu saa nane usiku.

Ukiniuliza ni badiliko lipi kati ya yote limelipa zaidi kwa shilingi iliyotumika, nitakujibu ni boya.

Kutafuta na kukumbuka

Jambo la pili linajificha zaidi. Niliposikiliza sauti zote tena nikaweka alama kila aliposema "natafuta." Soksi nyeupe. Daftari la Hisabati. Ufunguo wa geti. Kadi ya kliniki. Kifuniko cha chupa ya uji. Ilijumlisha masaa matatu na dakika 25 kwa wiki, mengi yake kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri, muda ambao dakika moja ina uzito wa kumi za mchana, kwa sababu dereva wa basi la shule hasubiri.

Dawa yake ilikuwa rahisi na ilichukua siku mbili. Mtoto mkubwa ana miaka kumi na moja; alipewa begi lake na la mdogo wake. Kabla ya saa mbili usiku mabegi yote yawe mlangoni, viatu juu yake, soksi ndani ya viatu. Soksi sasa ni jozi sita za rangi moja na saizi moja kwa kila mtoto, hakuna kuoanisha. Na sare hazisubiri Jumapili tena: shati linafuliwa jioni lile lile likivuliwa, dakika tano, linaanikwa. Joto la Dar linafanya kazi bure.

Kukumbuka hakuonekani kwenye daftari kabisa. Nilikugundua kwa bahati. Nilikuwa nao jikoni, kaka anaosha vyombo kwa sababu mimi nipo, anauliza, "Hii sufuria inakaa wapi? Gesi bado ipo? Kesho wanakula nini?" Mikono ilikuwa ya kaka, kichwa kilikuwa cha wifi. Alikuwa amekaa kwenye stuli, ananyonyesha, na bado yeye ndiye anayeosha vyombo vile.

Usiku huo tukamwambia ataje kila kitu ambacho kisipokumbukwa na yeye hakikumbukwi na mtu. Tulifika 34. Luku inakaribia kuisha. Mtungi wa gesi ulibadilishwa lini. Awamu ya pili ya ada. Nauli ya basi la shule. Kupima uzito wa mtoto kila mwezi, na chanjo ya surua na rubela atakapofika miezi 9. Mshahara wa dada. Dawa za presha za mama mkwe, ambaye ni mama yangu mimi, nami nilikuwa nimejisahaulisha. Kucha za watoto. Hisa za kikoba. Zawadi ya mtoto wa jirani. Dawa ya minyoo. Mchango wa kitchen party ya binti wa mjomba. Kaka alihesabu vyake: vilikuwa vitatu, gari, ving'amuzi na mbwa.

Wengi wetu tumezoea kusema mume fulani ni mzuri, "anamsaidia" mke wake. Neno lenyewe linakwambia kazi ni ya nani. Anayesaidia anaondoka na shukrani, mwenye kazi anabaki na kazi. Kwa hiyo hatukugawana kazi, tuligawana mambo mazima, kuanzia kuyakumbuka hadi kuyamaliza. Kaka alichukua kumi na moja: luku, gesi, maji, ada, basi la shule, kliniki, viatu na soksi, usafi wa Jumamosi nje, mbolea ya mchicha, kucha, na dawa za minyoo. Sharti lilikuwa moja, na ndilo gumu: asikumbushwe. Dawa za mama nilichukua mimi.

Siku ya tatu luku iliisha. Saa tatu usiku, giza. Wifi akanyoosha mkono kuchukua simu anunue, dakika moja tu, namba ya mita anaijua kwa moyo. Nilikuwa naye kwenye simu hiyo hiyo. Nikamwambia acha. Kaka alikuwa bafuni na sabuni kichwani. Alipotoka akajaribu kununua, mtandao ukagoma, akajaribu laini ya pili, akaomba jirani, ikaja karibu saa nne. Wifi alikaa gizani na watoto watatu, tochi ya simu imeelekezwa darini. Aliniambia kesho yake, "Wifi, giza siyo somo." Na mimi sina hakika kama alikosea. Najua tu kwamba tangu usiku ule kaka ananunua luku ya mwezi mzima akipata mshahara, na ameandika namba ya mita nyuma ya mlango.

Kliniki kaka alikwenda asubuhi ya Jumatano, ameomba ruhusa kazini. Nesi alimwuliza mtoto anakula mara ngapi kwa siku, na uji wake unatiwa nini. Akampigia wifi simu. Mwezi uliofuata hakupiga.

Masaa mawili ya sheria

Hili ndilo lililobadilisha wiki, na wapo mama wengi walioajiriwa ambao hawajaligusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. (Baba anapata siku tatu. Kaka, siku moja kati ya hizo aliitumia kupokea wageni.) Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi masaa mawili kwa siku.

Wifi alilijua hilo. Alipotoka likizo aliuliza, akaambiwa, "Yapo, nenda kanyonyeshe urudi." Kariakoo hadi Mbezi na kurudi ni zaidi ya masaa mawili. Kwa hiyo alikuwa na haki isiyotumika, akaiacha, akawa anakamua maziwa saa ya chakula ndani ya stoo ya mafaili, mlango umeegeshwa kwa kiti, na kuyaweka kwenye friji ya ofisi nyuma ya soda za watu. Kwenye friji maziwa ya mama yanakaa vizuri hadi siku nne. Mezani, kwa joto la Dar, si kitu cha kujaribu. Shida ilikuwa kuyafikisha. Alinunua kibegi cha barafu, na kwenye mwendokasi la saa kumi na moja na nusu, watu wamebanana, anakipakata kama mayai.

Tulimwandikia barua fupi, bila ukali. Iliomba masaa hayo mawili yahamie mwisho wa siku: atoke saa tisa badala ya kumi na moja, mtoto anyonye akifika. Ilitaja kifungu. Ilieleza nani atafunga vocha za jioni. Ofisi ya utumishi ilikaa nayo wiki moja na nusu, ikakubali, kwa sharti kwamba mpango utaisha mtoto akitimiza miezi 9.

Angalia kilichotokea. Alipata masaa mawili kutoka kwa mwajiri, lakini nyumbani yalikaribia matatu. Ukitoka saa tisa foleni ya pale Gerezani bado fupi, safari inachukua saa moja na dakika kumi. Aliyekuwa anafika saa 1:00 usiku sasa anafika saa 10:10 jioni, jua bado lipo, watoto wako macho, hata mchicha unaonekana.

Na wiki ya kwanza alifanya nini na hayo masaa matatu? Alifua mapazia. Akatoa vyombo vyote kabatini akaosha na vile visivyotumika. Alhamisi akakaanga mandazi ya majirani. Nilikasirika, nikamwambia, naye akakasirika kwa kukasirikiwa, hatukuongea siku mbili. Nadhani nilikuwa nimesahau kwamba mtu aliyekimbia miaka kumi na moja hawezi kusimama ghafla. Miguu inaendelea yenyewe. Dada wa kazi ndiye aliyetupatanisha bila kujua, alipomwambia, "Mama, nenda ukalale na mtoto, mapazia hayalii." Sasa ni kawaida: saa kumi na robo hadi kumi na moja na nusu mlango wa chumba umefungwa, mama na mtoto ndani. Hodi hazipokelewi.

Huyo binti naye nisimpite. Katika visa vingi vya namna hii mama anapumua kwa sababu msichana mwingine amebanwa. Nilipouliza anaamka saa ngapi, aliniambia saa kumi, na analala wa mwisho, na hakuwa na siku ya mapumziko inayojulikana. Sheria hiyo hiyo inamhusu na yeye, pamoja na mapumziko ya masaa 24 mfululizo kila wiki. Tangu mwezi uliopita Jumapili ni yake, kuanzia Jumamosi jioni. Jumapili mtoto ni wa kaka kuanzia baada ya ibada. Wifi alikubali kwa shingo upande. Aliogopa Jumapili ingemrudia yeye. Mbili za kwanza zilimrudia.

Chakula, kikoba, misiba

Kwenye chakula tulikosea. Mtandaoni utaonyeshwa mwanamke anapika Jumapili nzima, anajaza makopo kumi na manne, anatabasamu. Tulijaribu mara moja. Wifi alisimama jikoni masaa sita, na umeme ulipokatika Jumanne nilikumbuka wale samaki wa Alhamisi. Kinachofanya kazi kwake ni kidogo zaidi: hapiki kwa ajili ya wiki, anapika ziada. Maharage yanalowekwa usiku, yanachemshwa mara mbili kwa wiki kwenye sufuria ya presha, mengi kuliko ya siku hiyo, yanagawanywa kwenye mifuko bila kuungwa. Siku nyingine ni kuunga tu. Nyanya na vitunguu anakaanga vya siku tatu. Ugali haupikwi mapema na mtu asijaribu.

Kikoba ni Jumamosi saa tisa alasiri, masaa mawili hadi matatu, ukichelewa faini. Nilipendekeza aache, au atume hisa kwa simu. Alikataa kabisa. Alisema pale ndipo anapoitwa jina lake, siyo mama fulani, na ndipo anapocheka hadi machozi. Na lile tenki lilitoka pale. Nilifuta pendekezo langu. Kuna muda unaoonekana kama unapotea kwa sababu tu hauna sufuria ndani yake.

Misiba sina la kusema la maana. Wiki ile ya daftari ilikuwa na mmoja, mtaa wa pili. Alikwenda mazishi, akaenda jioni moja, jioni nyingine akatuma mchango. Mama yetu hakupenda: mchango wa simu hausugui masufuria. Ndiye huyo huyo anayekumbusha kwamba alitulea saba bila friji. Ni kweli. Lakini nilimkumbusha kwa adabu kwamba alikuwa na shangazi wawili nyumba ile ile, bibi mlango wa pili, kisima uani, na kazi yake, duka, ilikuwa barazani. Wifi ana Barabara ya Morogoro.

Sasa zimepita wiki nane. Analala masaa sita na nusu usiku mwingi. Kazi za nyumba zimeshuka kutoka 41 hadi karibu 30. Kaka amefika 12, na analalamika, jambo ambalo nalichukua kama ushahidi kwamba anazifanya kweli. Tumeshindwa kwenye basi la shule. Wazazi wanne waliomba njia igeuzwe ili watoto wa Mbezi wasiwe wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa. Shule ilisema haiwezekani. Mtoto wa darasa la kwanza bado anaamshwa gizani, na kwenye hilo hakuna daftari litakalosaidia.

Ruhusa ya kazini inaisha baada ya wiki tano. Tumeandika barua nyingine: aingie saa moja asubuhi, atoke saa kumi jioni, masaa yale yale, ila akwepe foleni zote mbili. Maana yake atakuwa anatoka nyumbani kabla basi la shule halijafika, na watoto watapandishwa na baba yao. Barua iko mezani kwa meneja tangu Jumanne. Kaka ameanza mazoezi. Wiki hii amewapandisha mara tatu, mara moja mdogo akiwa amevaa soksi za kaka yake, zimemfika mapajani.